Mlipa Kodi, Maneno Mawili

Bosi wangu, Ulimboka, alikuwa na sheria moja ya ofisi. Siku niliyoanza kazi aliiandika kwa kalamu nyekundu akaibandika ukutani juu ya meza yangu: Andika anachosema mteja. Usiongeze, usipunguze.

Niliipenda sheria hiyo. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na umri wa miezi saba. Nilikipata kwa kusoma jioni, miaka minne, baada ya kuuza vitumbua asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Mtu aliyejifunza kuandika vizuri ukubwani hataki kuambiwa afikiri. Anataka kuambiwa aandike. Kila nilipokaa mezani pale nilifanya ishara ya msalaba, nikamwomba Mungu asiniache nikosee herufi.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magunia na kamba karibu na soko la Majengo. Ulimboka alikuwa mshauri wa kodi. Wenye maduka, wenye malori na wenye nyumba za kupangisha walimletea mambo yao ya mwaka, yeye akayapanga, akajaza ritani, taarifa ya mapato ya mwaka, na kuituma ofisi ya kodi kwa kompyuta kabla ya mwisho wa Juni. Kazi yangu ilikuwa fomu ya kwanza, ile ya kalamu: jina la mteja, mapato yake, mali ni ya nani. Nikimaliza, Ulimboka aliichukua na kuingia nayo chumbani kwake. Hakumuuliza mteja mara ya pili. Mwezi wa Juni watu walipanga foleni mpaka kwenye ngazi, na muda huo hakuwa nao.

Bibi Penina alikuja tarehe ishirini na sita, siku ya upepo wa baridi na vumbi. Ngazi zetu zilikuwa kumi na saba. Alizipanda akipumzika mara mbili, nami nilimsikia akizihesabu kwa Kigogo. Nyuma yake alikuja mjukuu wake Joel, mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, dalali wa viwanja, amevaa viatu vilivyochongoka na kushika simu mbili.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mbukwenyi wote humu ndani." Aliwasalimu kwa Kigogo watu waliokaa kwenye benchi. "Hapa ndipo wanapotubia wenye nyumba?"

Watu wakacheka. Nikampa kiti. Alikuwa amebeba kopo la karanga za kuchemsha, akaliweka juu ya fomu zangu na kusema ni za Kongwa, kwao alikozaliwa, tule kwanza ndipo tumhukumu.

"Mimi nimekuja kabla sijakamatwa," akasema. "Maofisa walipopita kwetu Ihumwa, majirani wote walijificha. Mmoja alisema nyumba ni ya marehemu. Mwingine aliingia chini ya kitanda, miguu ikabaki nje. Nikasema, ya Kaisari nitampa Kaisari. Mungu namkopa kila siku ananivumilia. Kaisari sijui kama ana moyo huo."

"Bibi, punguza hotuba," Joel akasema bila kuinua macho kwenye simu.

"Na yule ofisa unajua aliniitaje? Alisema, wewe bibi ndiye mlipakodi wa kweli. Mbele ya watu." Aliliweka neno lile vizuri mdomoni kama mtu anayeonja asali. "Miaka sabini na minne sijawahi kupewa cheo. Niliitwa mama Marko, nikaitwa mjane, nikaitwa bibi. Hiki ndicho cheo changu cha kwanza."

Nikaanza kumuuliza. Alijibu kila swali na mambo mengine matatu. Marehemu mumewe, Lameck, alikuwa fundi wa reli kituo cha Gulwe. Alipostaafu walinunua kiwanja Ihumwa kwa mafao yake, wakati huo fisi wakipita uani na watu wakiwaona wendawazimu. Hawakuandikishana na aliyewauzia. Walipeana mikono, wakala pamoja. Maji ya kufyatulia matofali aliyabeba yeye kichwani, mwanawe Marko akiwa mgongoni. Lameck alikufa kabla ya paa. Paa aliliweka yeye kwa karanga, misimu mitano. Marko naye alikufa, akaacha mtoto wa miaka minne, ndiye huyu Joel. Akamlea. Nyumba ilikuwa na vyumba saba. Sita vina wapangaji, na tangu treni ya umeme ianze havikai wazi hata wiki. Cha saba analala yeye.

"Kwa hiyo nyumba ni ya nani?" nikauliza, kwa sababu fomu iliuliza hivyo.

Alimwonyesha Joel kwa kidevu. "Ya mume wangu, huyu hapa."

"Mke wangu ananisema mbele za watu," Joel akasema.

"Mume gani wewe. Kitenge cha mwisho umeninunulia mwaka wa sensa. Ukinunua sukari unaniachia na risiti."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka.

"Na wewe bibi, katika nyumba hiyo wewe ni nani?"

Alinyoosha mgongo. "Mimi mlipakodi."

Nilizaliwa Mpwapwa, Mgogo mtupu. Bibi yangu alimwita kaka yangu mume mpaka siku alipokufa, na kaka yangu alipooa, bibi alinuna siku mbili kwa utani, hakula chakula cha harusi. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mke huyo wa miaka mitano humkataa kwa sababu hana meno. Huo ndio utani wa kwanza anaojifunza mtoto. Nilijua. Kila mtu kwenye benchi lile alijua. Lakini karatasi ilikuwa ukutani na wino wake mwekundu, na mimi nilikuwa na miezi miwili tu kazini.

Nikaandika. Mmiliki: Joel Marko. Uhusiano: mume. Nafasi ya mteja: mlipa kodi.

Niliandika maneno mawili. Mwalimu Wilbert, aliyetufundisha jioni, alihangaika na mimi miaka yote minne kwa kosa hilo. Niliwahi kuandika "mwana sheria" na "mkulima" kwenye sentensi moja, nikapata sahihi moja na kosa moja. Alinieleza kwamba nafasi kati ya maneno ni ukuta. Ukiujenga pasipotakiwa, alisema, unamfungia mtu nje. Mlipakodi, neno moja, ni raia anayeipa serikali haki yake. Mlipa kodi, maneno mawili, kila anayesoma haraka ataona mtu anayelipia chumba kila mwezi. Siku ile sikuliona hilo. Niliona mwandiko wangu ulivyonyooka.

Bibi Penina akaweka dole gumba kwenye wino, akalibonyeza chini ya fomu. Alilitazama dole lake pale kwenye karatasi muda mrefu. "Limekaa vizuri," akasema.

Kabla ya kupeleka fomu ndani niliisoma tena, na neno "mume" likanitia aibu. Mwanamke wa miaka sabini na minne, mume wa thelathini na mitatu. Nilijua Ulimboka angeniita na kuniuliza kama nimeajiriwa kuandika vichekesho. Ningepaswa kufuta mstari wote na kuuliza upya. Nilichukua kichupa cha maji meupe ya kufutia, nikapaka neno moja tu. Nikalipuliza likauke.

Nilipoinua kichwa Joel alikuwa amesimama karibu yangu. Alisoma fomu yote taratibu, kutoka juu hadi chini, na safari hii hakushika simu.

"Umefanya vizuri dada," akasema kwa sauti ya chini. "Hilo neno lingetuletea maswali."

Alinipa elfu tano ya soda. Nilipokea kwa mikono miwili. Jumapili nilitoa mia tano kwenye kikapu, zaka yake.

Ulimboka alikaa na fomu ile dakika kumi. Nilimsikia akiita kupitia mlango ulio wazi. "Joel ni wewe? Nyumba yako?"

"Kama bibi alivyosema," Joel akajibu.

"Basi ritani ni yako. Bibi hana mapato, ni mpangaji. Una namba ya mlipakodi?"

"Ninayo."

Bibi Penina alikuwa anawagawia karanga watu wa benchini. Hakusikia. Ulimboka alitoka na karatasi mbili zenye mhuri, ritani na nakala ya fomu, akamwambia kiasi kinachodaiwa ni laki tatu na sitini elfu, na themanini ya ofisi. Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo na kuzihesabu mezani kwangu. Zote zilikuwa za kwake. Joel alipiga picha namba ya malipo, akaenda kulipa.

"Kwa hiyo sidaiwi?" bibi akauliza.

"Hudaiwi hata senti," Ulimboka akasema, na alikuwa anasema kweli.

Bibi alizikunja karatasi zile mara nne. Alisema ataziweka ndani ya Biblia, kwenye Mathayo ishirini na mbili, pale penye Kaisari, ili siku ya siku asitafute.

Siku ya siku ilikuja Februari. Serikali ya mtaa wao ilikuwa inapima viwanja ili watu wapewe hati, na kamati ilikaa kusikiliza kila mwenye nyumba. Kiwanja kisichokuwa na karatasi ya mauzo kilihitaji ushahidi mwingine. Joel alikwenda wa kwanza kuandikisha nyumba ya vyumba saba kwa jina lake. Bibi alipata habari kutoka kwa mpangaji wake, Asma, aliyekuwa na mashine ya kusaga hapo jirani. Alicheka. Alimwambia Asma kwamba mume wake ameanza uchu wa urithi kabla ya maiti kupoa.

Barua ya kamati ya kuniita shahidi ilifika ofisini kwetu: Joel alidai nyumba ni yake, na bibi alikuwa amenitaja mimi niliyeandika. Nilipoisoma nililielewa neno langu kwa mara ya kwanza. Nilitoa fomu yenyewe kwenye faili, nikauona ule ukuta katikati ya mlipa na kodi, na lile doa jeupe. Nikaingia nayo kwa Ulimboka.

"Bosi, yule bibi alikuwa anatania. Bibi humwita mjukuu mume."

"Utani una safu gani kwenye fomu?" akauliza.

"Hauna."

"Basi."

"Ritani si inaweza kurekebishwa? Nimeona wateja wengine tukirekebisha."

Alivua miwani, akaniangalia kama mtu anayeangalia mlango uliogoma kufunga. "Kurekebisha ni kukiri kwamba nilituma kitu cha uongo. Mimi nina leseni. Na tukifika huko watauliza hapa palipopakwa rangi palikuwa na nini, na nani alipaka. Hiyo ni kughushi, Scolastika. Maji meupe uliyapaka wewe."

Alinirudishia fomu.

"Nenda. Utajibu unachoulizwa. Usiongeze, usipunguze."

Asubuhi ya siku hiyo nilisali rozari nzima. Nilimwomba Mama Maria aniombee ujasiri. Nilikuwa na chumba cha kulipia, na mama yangu Mpwapwa alikuwa anakula dawa za moyo zilizonunuliwa kwa mshahara wangu. Niliomba ujasiri, lakini sikuomba kazi nyingine. Nafikiri Mungu alisikia vyote viwili, nilichoomba na nilichoacha kuomba.

Kamati ilikaa chini ya turubai nyuma ya ofisi ya mtaa. Mvua ilikuwa imenyesha na viti vilizama kwenye udongo. Mwenyekiti alikuwa Cornel, fundi seremala, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Bibi Penina alikuja na kitenge chake kizuri na Biblia kwapani. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Huyu ndiye aliyeandika," akawaambia watu. "Huyu mwanangu ana mwandiko."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, marahaba. Umekula?"

Cornel akamwuliza ushahidi wake ni upi. Bibi alifungua Biblia polepole, akazitoa karatasi zile mbili, akazikunjua juu ya goti na kuzipeleka mwenyewe mezani. Hakumpa mtu amsaidie.

"Hii hapa," akasema. "Majirani zangu hawa walijificha chini ya vitanda. Mimi nililipa. Serikali inanijua. Someni, nyumba ya nani."

Cornel alisoma kimya. Akasoma tena. Akamtazama Joel, aliyekaa miguu imepishana, kisha akamtazama bibi.

"Bibi, hii unajua imeandikwaje?"

"Soma tu baba. Mimi macho yangu ni ya kusikia."

"Mlipaji, Joel Marko. Mmiliki wa jengo, Joel Marko. Wapangaji saba. Wa saba ni Penina Ndahani."

Watu waligunaguna. Bibi Penina aliendelea kutabasamu kwa muda, kama taa inayobaki na mwanga kidogo baada ya kuzimwa.

"Soma vizuri," akasema.

"Ndivyo ilivyo bibi. Na hapa chini kuna dole lako kwenye nakala ya fomu."

"Dole langu. Ndiyo. Lakini huyu nilimwita mume. Nilisema ni ya mume wangu. Nani hapa hamwiti mjukuu wake mume? Wewe Cornel bibi yako hakukuita mume?"

"Aliniita. Na alinipiga nilipooa." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Cornel akaweka mikono juu ya karatasi. "Bibi, nisikilize. Sisi wote tunaujua utani huo. Karatasi ingeandikwa mume, tungejua ulikuwa unatania, tungeitupa hapo kwenye tope na kuandika jina lako leo leo. Lakini haikuandikwa mume. Imeandikwa mmiliki."

Bibi alinigeukia. "Mwanangu ulikuwepo. Waambie nilisemaje."

Cornel naye akanigeukia. "Wewe ndiye karani?"

"Ndiyo."

"Alipoulizwa nyumba ni ya nani, alimtaja Joel?"

"Alimtaja."

"Ulimlazimisha?"

"Hapana."

"Aliweka dole kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake."

Nilijibu yote kweli. Hapakuwa na neno moja la uongo, na ningeweza kuapa kwa Injili. Bibi alikuwa amekaa mbele kidogo ya kiti chake, ananisubiri nimalize hayo madogo nifike kwenye kubwa.

"Alisema mume," akasema, akinisaidia kama mtoto aliyesahau shairi. "Sema tu. Nilisema mume wangu."

"Kwenye fomu hakuna neno hilo," nikasema.

Hata hilo lilikuwa kweli.

Joel aliinuka, akakunja suruali isiguse tope, akaenda kumshika bibi yake bega. "Mke wangu usilie mbele za watu," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya utani. "Chumba chako kipo. Nani atakufukuza? Mimi si mume mbaya."

Bibi alikuwa hajalia. Alimtazama usoni, akatazama mkono ulio begani mwake. Utani wa kwetu una kanuni moja, kwamba kila anayetaniwa lazima arudishe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakurudisha. Kisha akaokota Biblia yake iliyokuwa imeanguka, akaipangusa tope kwa kiganja, akaondoka bila kuzichukua zile karatasi.

Kamati iliandika jina la Joel.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Nilimweleza padri yote, neno, maji meupe, elfu tano. Aliniuliza kama ninaweza kurudisha nilichoharibu. Nikasema nitapoteza kazi, pengine nitafungwa. Akasema Mungu anajua uzito wa kila mtu, nisali juu ya jambo hilo, na akanipa kitubio cha rozari moja. Niliisali jikoni nikichemsha maharage. Ilikwisha maharage hayajaiva.

Nilikwenda Ihumwa mara moja, mwezi wa Machi, na kilo mbili za sukari. Nilimkuta bibi uani anachambua mlenda. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikairudia, nikidhani hakusikia. Aliendelea kuchambua, majani upande huu, vijiti upande ule. Asma alisimama mlangoni kwake akanitazama, akasema, "Dada, ameshasikia." Niliiweka sukari kwenye kizingiti. Nilipofika barabarani niligeuka nikaona kuku wanaparua mfuko.

Tangu hapo mambo ya Joel yalikwenda vizuri. Alipata hati. Kwa kuwa sasa alikuwa na viwanja vingi vya kushughulikia, alimwachia Ulimboka kazi ya kukusanya kodi za nyumba ile, kwa asilimia kidogo, ili hesabu zikae sawa kwa ajili ya ritani ijayo. Ulimboka akaniongezea elfu thelathini kwenye mshahara na kunipa kitabu kipya cha risiti chenye nakala ya bluu. Wapangaji sita walilipa kwa simu. Wa saba hakuwa na simu.

Alikuja mwisho wa Mei. Niliisikia miguu yake kwenye ngazi, na nikajikuta ninahesabu naye. Safari hii alipumzika mara nne. Benchi lilikuwa limejaa, msimu wa ritani ulikuwa umeanza, na mtu mmoja alisogea ampishe akae. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, amevaa kanga ya nyumbani, ameshika fundo dogo mkononi.

Nilifungua mdomo nimsalimie. Alinitangulia. Alikunja magoti kidogo, kama watoto wanavyofundishwa, kama mpangaji mwenye deni mbele ya mwenye nyumba, akainamisha kichwa chake cheupe.

"Shikamoo," akasema.

Watu wa benchini wakageuka. Mwanamke wa miaka sabini na mitano ananishika miguu mimi wa arobaini na mitatu. Nilitaka kuinuka, nilitaka kumshika mikono. Lakini siku nzima vijana walikuwa wamepita mezani pangu wakisema neno hilo hilo, na mdomo wangu haukunisubiri.

"Marahaba," nikasema.

Aliinua kichwa. Hakukasirika. Alikubali kwa kutikisa kidogo, kama mtu aliyekuja kuhakikisha jambo na amelihakikisha. Akafungua fundo, akaweka elfu hamsini juu ya meza, noti za elfu mbili mbili, zimenyooshwa kwa kiganja.

Nikavuta kitabu cha risiti. Nikafanya ishara ya msalaba kwa mazoea, kidogo, chini ya meza. Tarehe. Chumba namba saba. Nikaandika jina lake lote, Penina Ndahani, na mbele yake, mahali palipoandikwa maelezo ya mhusika, nikaandika mlipa kodi.

Maneno mawili. Niliyasoma tena kabla ya kuchana karatasi, kama nilivyofundishwa. Safari hii sikuwa nimekosea.